Mlevi Hafungiwi Nyumbani

Somo kwa vikundi vya kujisaidia: ugonjwa wa pombe

Mwezi uliopita tulisoma juu ya kuweka vitabu vya pesa. Leo tutazungumza juu ya kitu kinachotoboa vitabu hivyo kila mwezi, na hakuna anayekitaja kwenye kikao. Mwanachama amechelewa kulipa mkopo. Anasema mtoto alikuwa mgonjwa. Sisi sote tunajua mtoto hakuwa mgonjwa. Ni baba yake aliyezipata zile pesa chini ya godoro. Tunanyamaza, tunampa mwezi mwingine, tunafunga kwa sala, kila mtu anaenda kwake.

Mmoja wenu asome somo hili kwa sauti, pole pole. Kuna maswali mwishoni. Msiogope kusimama katikati na kubishana.

Yaliyotupata sisi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na fundi mmoja wa mawe, mtu wa machimbo yaliyo kati ya Ruiru na Juja. Fundi mzuri sana, mikono yake ilijulikana. Lakini alikuwa hawezi kuanza kazi kabla ya kutoa loki. Mnajua maana yake: asubuhi mikono inatetemeka, mpaka apate glasi ya kwanza ndiyo mikono itulie. Mkewe alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama nilichokuwa nikikitembelea.

Siku moja ya Ijumaa akina mama wakanipigia simu. Walikuwa wameshauriana na ndugu za huyo fundi. Mpango wao ulikuwa huu: wamfungie katika chumba cha nyuma kwa juma moja, wampe uji, maziwa na chakula kizuri, na wamwombee, mpaka pombe imtoke mwilini. Wakaniuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Mimi nina diploma ya kazi hii. Nilikuwa nikikimbilia gari la kwenda Thika. Nikajibu, "Vizuri, angalau mmefanya kitu."

Jumamosi alitokwa na jasho na kutapika. Wakasema ni uchafu unatoka. Jumapili baada ya Misa walimkuta akiongea na watu ambao hawapo, akijipangusa wadudu ambao hawapo. Wengine wakasema ni mapepo. Usiku ule akaanguka kama mwenye kifafa, mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Jirani mwenye pikapu ya maziwa ndiye aliyemfikisha hospitali. Daktari aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Hao watu walimpenda, lakini walikuwa karibu kumuua."

Aliishi. Tutarudi kwake. Lakini tangu siku hiyo nafundisha juu ya makosa matatu ambayo watu wenye mapenzi mema wanamfanyia mlevi: kumfungia, kumfichia, na kumtupa. Kabla ya hayo, tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe.

1. Pombe inafanya nini ndani ya mtu?

Wazee wetu walikuwa na muratina. Lakini muratina ilikuwa na mlango wake: ilinywewa na wazee, kwa mahari na kwa sherehe, na kijana hakuruhusiwa kuigusa. Siku hizi mlango huo umeng'olewa. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya Wakenya 8 wenye miaka 15 hadi 65, mmoja alikuwa akitumia pombe.

Si kila anayekunywa ni mgonjwa. Ugonjwa huu wataalamu wanauita uraibu. Maana yake ni kwamba ubongo umezoea pombe hata hauwezi kufanya kazi sawasawa bila hiyo. Mtu alianza kunywa ili afurahi. Sasa anakunywa ili asitetemeke. Chama cha madaktari wa Marekani kilitangaza mwaka 1956 kwamba huu ni ugonjwa. Kumbe hata leo kijijini tunauita uvivu, laana, ama kurogwa.

Dalili zake ni hizi:
- Anahitaji pombe asubuhi ndiyo atulie.
- Kiasi kinachomlewesha kinaongezeka mwaka baada ya mwaka.
- Anaapa kuacha, na anaapa kwa kweli, lakini siku ya tatu amerudi.
- Anaendelea kunywa hata baada ya kupoteza kazi, afya ama mke.

Mwilini, ini ndilo linalosafisha pombe. Likifanyishwa kazi hiyo miaka mingi linajaa makovu na kuwa gumu. Ndipo unaona macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, na mtu kutapika damu. Pombe inapandisha presha na inaleta saratani ya koo, ya ini na ya matiti. Anayemeza dawa za TB au za ukimwi anasahau dawa zake, na ugonjwa unapata nguvu. Mama mjamzito akinywa, mtoto tumboni anakunywa pia, na ubongo wa mtoto unaweza kuharibika kabisa. Haya yote hayachagui kama pombe imetoka kwa mama pima ama imetoka kwenye chupa yenye stika ya ushuru.

2. Kosa la kwanza: kumfungia

Ubongo uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, unashtuka. Kutetemeka na jasho huanza siku ile ile. Kifafa kinaweza kuja siku ya kwanza au ya pili. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, moyo kwenda mbio na mwili kupata joto kali. Hapo anaweza kufa. Si mapepo, si uchafu unatoka. Ni hatari.

Hospitalini wanampa dawa za kutuliza ubongo, na kuzipunguza siku kwa siku. Wanampa pia vitamini B1, kwa sababu walevi wengi wameikosa, na kuikosa kunaharibu kumbukumbu. Kazi ya siku chache tu, lakini ni kazi ya hospitali.

Kwa hivyo andikeni hili kwenye kitabu cha kikundi: *Mtu anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiachishwe kwa nguvu nyumbani. Apelekwe hospitali kwanza.* Hata yule anayeamua mwenyewe kuacha, mwambieni aende kwanza kwa daktari na aseme ukweli juu ya kiasi anachokunywa.

Jambo hili linahusu hata serikali. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu ifagiliwe katika eneo la kati. Mapipa yakamwagwa, maduka yakavunjwa, watu wakapiga vigelegele. Pombe mbaya kumwagwa ni sawa. Lakini ni wangapi waliuliza, yule aliyezoea kunywa kila siku atalala wapi usiku wa leo, na nani atamwangalia?

3. Kosa la pili: kumfichia

Hili ndilo kubwa zaidi, na ndilo letu sisi wa vikundi. Mke anampigia simu msimamizi wa kazi: "Leo ana malaria." Mama mzazi anauza kuku kwenda kulipa deni la mwanawe kwa mama pima. Kikundi kinasukuma mkopo mbele. Mtoto wa kwanza, labda msichana wa miaka 11, anajifunza kupika, kuwalaza wadogo zake, na kumwambia mwalimu kwamba baba amesafiri. Nyumba nzima imejipanga kuizunguka chupa.

Kila mmoja anafanya hivyo kwa upendo. Lakini angalia matokeo: mlevi ndiye mtu pekee ambaye haoni hasara ya ulevi wake. Wengine wote wanailipa kwa niaba yake.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu anakunywa pombe ya shilingi 100 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Mama anayetoa shilingi 200 kila juma kwenye kikundi, kwa mwaka ameweka 10,400. Kwa hivyo mlevi mmoja anakunywa akiba ya akina mama watatu na nusu. Na hapo hatujahesabu siku za kazi zilizopotea wala hospitali.

Kuacha kumfichia ni namna gani?
- Usilipe deni lake la pombe, hata kama mwenye kudai amekuja mlangoni.
- Usimdanganyie mwajiri. Mwache aseme mwenyewe.
- Ongea naye asubuhi akiwa na akili, si usiku akiwa amelewa. Mweleze uliyoyaona: "Jana ulianguka mbele ya mtoto." Usimtukane.
- Mwambie wazi kwamba siku atakapotaka matibabu, mtaenda naye siku hiyo hiyo.
- Kikundi kikikopesha nyumba hiyo, karo ilipwe shuleni moja kwa moja, mbegu zinunuliwe na katibu. Pesa taslimu zisiingie mahali ambapo zitaibwa.

4. Kosa la tatu: kumtupa

Sasa wengine watasema, "Basi, aachwe afe, amejitakia." Hapana. Kuacha kulipa deni lake si kumtupa. Yule Msamaria hakuuliza kwanza kama aliyeanguka njiani alikuwa mjinga kupita barabara ile.

Lakini nataka kusema jambo moja bila kuzunguka: ugonjwa si ruhusa ya kupiga watu. Mama akipigwa, ama watoto wakiwa hatarini, usalama wao ndio wa kwanza. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na mahakama inaweza kumwamuru mtu asimkaribie mwenzake. Kikundi kisimwambie mama "vumilia tu." Kimsindikize kwa chifu ama polisi, na kimpe mahali pa kulala. Mume anaweza kutibiwa huku mke akiwa kwao.

Tena, mjue kwamba kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu. Wengi wanaanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama. Akirudia, msiseme "tulijua." Ulizeni, nini kilitangulia? Alipata mshahara? Alikutana na marafiki wa zamani? Alikuwa na huzuni? Hapo ndipo pa kuziba.

Kaunti yetu ya Kiambu imewahi kujaribu njia yake. Wakati wa Gavana Ferdinand Waititu kulikuwa na mpango ulioitwa Kaa Sober. Mwaka 2018 walevi walikuwa wakipewa kazi kama za kuzibua mitaro na kusafisha barabara, kwa shilingi 400 kwa siku, pamoja na ushauri. Ulizua mabishano mengi juu ya pesa, na haukudumu. Mimi silaumu wazo la kazi. Mtu anayejaribu kuacha akikaa bure, miguu inampeleka pale pale. Lakini mradi wa kaunti una mwisho wake, na ugonjwa huu unadumu maisha yote. Ni nani atakayekuwepo mwaka wa tano? Ni jirani na kikundi.

5. Pombe yenye sumu: kila mtu ajue hili

Wauzaji wengine wanaongeza methanoli, spiriti ya viwandani, ili pombe iwe kali. Huwezi kuitambua kwa macho, wala kwa harufu, wala kwa kuonja. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayochoma mishipa ya macho. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi katika vijiji vya Mukuru, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 zaidi ya 40 walikufa Machakos. Mei 2014 ilikuwa Embu, hapa kwetu Kiambu na kaunti nyingine, watu zaidi ya 70. Februari 2024 ilikuwa Kirinyaga, watu zaidi ya 15.

Dalili mara nyingi zinachelewa, hata nusu siku au siku nzima: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, na macho kuona ukungu ama giza. Mtu wa namna hii msimwache "alale itoke." Mkimbizeni hospitali, kwa sababu kuna dawa inayozuia sumu hiyo kama amefika mapema. Na waiteni wote waliokunywa naye, hata kama bado wanajisikia vizuri.

6. Mwanachama anayepika pombe

Hapa nitawaudhi wengine, mnisamehe. Katika vikundi fulani, zile shilingi 200 za juma zinatoka kwa kupima chang'aa. Kila mtu anajua. Huyo mama pengine ni mjane, ama mumewe ndiye mlevi wa kwanza kijijini. Mkimfukuza, ataendelea kupika, na sasa hatakuwa na mtu wa kumshauri. Mkinyamaza, akiba yenu inatoka mfukoni mwa watoto wa jirani.

Njia iliyofanya kazi mahali ninapotembelea ilikuwa kumpa muda na mkopo wa kwanza wa kubadilisha biashara: mboga, mitumba, kuku wa mayai, kibanda cha chapati. Faida ilikuwa ndogo kuliko ya chang'aa, tusidanganyane. Lakini alilala bila kusikiliza viatu vya askari.

Tena, mjue haki zenu. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu wanaiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na baa haitakiwi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Leseni zinatolewa na kaunti. Kikundi kinaweza kuandika barua ya kupinga, kikapeleka nakala kwa chifu.

7. Msaada uko wapi?

- Simu ya NACADA, namba 1192, ni ya bure. Unaweza kupiga hata kama mgonjwa amekataa matibabu; nyinyi jamaa mtapewa ushauri.
- Kwa dharura, nendeni hospitali iliyo karibu: Thika Level 5, ama hospitali ya Ruiru. Hospitali ya Mathari, kwenye barabara ya Thika, inatibu pia uraibu.
- Kabla ya kulipa kituo chochote cha kurekebisha walevi, ulizeni kama kimeidhinishwa na NACADA. Kituo kinachompiga mgonjwa ama kumfunga minyororo si kituo.
- Alcoholics Anonymous ni mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha. Ilianzishwa Marekani mwaka 1935 na watu wawili, mmoja mwenye biashara na mmoja daktari, wote walevi. Iko Kenya pia, na hawatozi ada. Mnaona, hata wao ni kikundi cha kujisaidia.

Turudi kwa fundi

Alikaa hospitalini siku tisa, halafu akawa anaonana na mshauri kila juma. Mwezi wa nne akaanguka, siku ya mshahara. Mkewe hakumpigia msimamizi simu. Yeye mwenyewe alienda kusema ukweli, akafukuzwa, akalia. Wazee wawili wa jumuiya wakaenda naye kwa mshauri tena. Sasa anachonga mawe kwa watu binafsi, na siku ya malipo anafuatana na shemeji yake mpaka nyumbani. Nilipomuuliza ana muda gani bila kunywa, hakunitajia miaka. Alisema, "Mwalimu, leo sijakunywa."

Na wale akina mama hawakuacha kunialika. Mwenyekiti wao aliniambia, "Sisi tulikosa kwa kutojua, na wewe ulikosa kwa haraka." Niliipokea. Ndiyo sababu nawaandikia nyinyi bila haraka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya makosa matatu, sisi kama kikundi tunafanya lipi zaidi? Tutoe mfano bila kutaja jina la mtu.
2. Tukijumlisha mikopo iliyochelewa mwaka huu, ni mingapi kweli ilisababishwa na pombe?
3. Mtu akianguka kifafa usiku wa leo, ni gari la nani litakalotumika? Namba yake iandikwe sasa.
4. Kama mmoja wetu anapata pesa kutokana na pombe, tutamsaidia vipi kubadilisha, na kwa muda gani?
5. Ni watu gani wawili, wenye kutunza siri, tutakaowachagua kuzungumza na nyumba yenye shida hii?

Andikeni majibu ya swali la tatu na la tano kwenye kitabu kabla ya kufunga kikao. Mengine yanaweza kungoja mkutano ujao.